Kilichoachwa Nje ya Picha

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie uhakiki wa filamu za siku hizi, nami ninaanza na swali ambalo wahakiki wengi hulisahau: filamu imeamua kutotuonyesha nini?

Chukueni Superman ya James Gunn, ya 2025. Hadithi ya mtoto aliyerushwa angani sayari yao ikiangamia, nani haijui? Man of Steel ya 2013, nayo ya Superman, ilikaa muda mrefu kwenye sayari ile. Gunn hatupeleki huko. Anafungua na shujaa aliyeanguka kwenye theluji, damu ikimtoka mdomoni, kuinuka hawezi, mpaka mbwa wake anakuja kumburuta hadi nyumbani. Hapo nilikaa vizuri kitini. Shujaa asiyeshindwa anachosha, na mwongozaji huyu ametuamini kwamba mengine tunayajua.

Kwa filamu za nyimbo nitasema machache. Katika Les Misérables ya 2012, waigizaji waliimba palepale mbele ya kamera, si kuchezesha midomo juu ya sauti ya studio. Anne Hathaway anaimba, kamera imemkazia uso, kilio kinamkaba kooni na pumzi zinakatika. Studio ingeisafisha sauti ile, na sisi tungekosa kila kitu.

Sasa Oppenheimer ya Christopher Nolan, juu ya mwanafizikia aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki la Marekani, maana ndiyo hasa iliyonileta hapa. Ni ya 2023, saa tatu, Oscar saba, na kwa ufundi inastahili. Kumbukeni Trinity, jaribio la kwanza la bomu lile, alfajiri ya Julai 16, 1945: mwanga unalijaza jangwa lote, na ukumbi kimya, mnasikia pumzi tu. Mshindo unachelewa kama ngurumo ya radi ya mbali, na unapofika viti vinatetemeka.

Lakini kuna gololi. Kadiri urani, madini ya kutengenezea bomu, inavyopatikana, Oppenheimer anatumbukiza gololi kwenye bakuli la kioo, tuone ni kiasi gani bado. Zinagonga kioo, na mimi najiuliza: zimetoka wapi? Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga, nchini Kongo, enzi za utawala wa Wabelgiji. Mawe ya migodi ya Marekani yalikuwa na chini ya asilimia 1 ya urani. Ya Shinkolobwe yalifika hata 65. Mwaka 1942 Wamarekani walipoyahitaji, zaidi ya tani 1,000 zilikuwa tayari ghalani New York. Waliolichimba jiwe lile kwa mikono ni Wakongo, tena wa Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi migodini. Katika saa tatu nzima, hakuna tukio hata moja linalofika kwao.

Mtu ataniambia hii ni hadithi ya mwanafizikia mmoja, kila kitu hakiwezi kuingia. Ni kweli, na sasa hivi nimemsifu Gunn kwa kuacha. Ila Gunn ameacha tunachokijua. Nolan ameacha ambacho watazamaji wengi hawajapata kukisikia. Sidai nusu saa. Mchimbaji mmoja, gunia moja la mawe likipakiwa melini, ningeridhika. Kwa hiyo mimi nikiihakiki filamu hii, kimya kile cha Trinity nakisifu kwa moyo wote, na zile gololi naziweka aya ya kwanza, pamoja na jina la Shinkolobwe.