Nani alibeba kopo la filamu?

MWANAMVUA: Assalaam aleikum, wasikilizaji. Tupo Ngamiani, Tanga, kibarazani kwa mjomba wangu, na mkisikia kengele za baiskeli msishtuke, ndiyo Tanga yenyewe. Leo tunazungumzia matamasha ya filamu: yalianzaje, na picha gani zilipata jina kwa sababu yake. Mjomba, shikamoo.

BAKARI: Marahaba, mwanangu. Nikinyamaza kidogo ujue nakunywa kahawa, sijalala.

MWANAMVUA: Nimemchagua mjomba kwa sababu ujana wake alikuwa mchukuzi wa mikanda ya filamu.

BAKARI: Kwa baiskeli! Picha inakuja nakala moja, kumbi zinazoitaka mbili. Ukumbi wa kwanza unaanza mapema, wa pili unachelewa kidogo. Mkanda ukimalizika huku, mimi naufunga kwenye kopo, kopo kwenye keria, mpira wa tairi juu yake, nakanyaga. Mkanda mmoja mkubwa ni dakika 20 hivi, basi hizo ndizo dakika zangu. Mnyororo ukichomoka, umma wa watu umekaa gizani unakutukana.

MWANAMVUA: Waambie ile ya kopo namba 7.

BAKARI: Wewe unapenda aibu yangu. Haya. Mvua imenyesha, namba za chaki kwenye makopo zimefutika. Nikapeleka la 7 badala ya la 4. Stelingi alikuwa mzima, anatafuta kazi. Ghafla amekufa, mama yake analia, jeneza linapita. Kisha mkanda uliofuata yuko bustanini anaimba na mchumba. Ukumbi mzima mluzi! Kandambili zikaruka mpaka kwenye pazia. Mwenye ukumbi alinikata nusu mshahara, na jina lake nalihifadhi maana watoto wake tunasali msikiti mmoja.

MWANAMVUA: Sasa ungekuwa Cannes ungesamehewa. Tamasha la kwanza la Cannes, Ufaransa, mwaka 1946, walionyesha Notorious ya Alfred Hitchcock, mikanda ikachanganywa vilevile.

BAKARI: Mbele ya wageni rasmi?

MWANAMVUA: Mbele ya dunia. Na mwaka ule zawadi kuu walipewa filamu 11 kwa pamoja.

BAKARI: Kumi na moja! Hayo ni mashindano au ni pilau ya maulidi, kila mtu na sahani yake?

MWANAMVUA: Vita ilikuwa imetoka kuisha, mjomba, hawakutaka ugomvi. Na Cannes yenyewe ilizaliwa na ugomvi. Tamasha la Venice lilitangulia, Agosti 1932, filamu zikionyeshwa kwenye baraza la Hoteli Excelsior, kisiwa cha Lido, upepo wa bahari unapuliza. Mwanzo lilikuwa jambo la kistaarabu tu. Lakini Italia ilikuwa ya dikteta Mussolini, na zawadi kubwa ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1938 kombe hilo wakagawana wawili: Olympia ya Leni Riefenstahl, ya Michezo ya Olimpiki ya Berlin, na filamu ya rubani wa Kiitaliano iliyosimamiwa na mtoto wa Mussolini mwenyewe.

BAKARI: Baba ndiye kombe, mwana ndiye mshindi. Hata ligi ya mtaani hawathubutu.

MWANAMVUA: Waingereza na Wamarekani waliokuwa waamuzi wakajiondoa. Wafaransa wakasema tutafanya letu. Wakapanga lifunguliwe Cannes tarehe 1 Septemba 1939.

BAKARI: Ngoja. Si siku ile Hitler alivamia Poland?

MWANAMVUA: Siku ileile. Ikaonyeshwa filamu moja tu, wageni wakafunga mizigo. Ndiyo maana hesabu halisi inaanza 1946.

BAKARI: Mimi nakwambia jambo moja, maana vijana mnazungumza kama tamasha ni uchawi, filamu inaingia ukumbini inatoka na umaarufu. Filamu haina miguu. Kila picha ikisifiwa mbali, ulizia: nani alibeba kopo?

MWANAMVUA: Hapo umegusa Rashomon.

BAKARI: Ya Kijapani?

MWANAMVUA: Ya Akira Kurosawa, 1950. Mtu ameuawa msituni, kila shahidi ana hadithi yake. Mkuu wa kampuni iliyoitengeneza hakuielewa kabisa. Lakini Tokyo alikuwapo mwanamke wa Kiitaliano, Giuliana Stramigioli, mwakilishi wa kampuni ya filamu ya kwao. Akaiona, akaipenda, akashikilia ipelekwe Venice 1951.

BAKARI: Na Kurosawa akafunga safari na suti mpya.

MWANAMVUA: Wala! Hata habari hakuwa nayo. Amesimulia mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake: alikuwa na wakati mgumu, akaenda kuvua samaki mtoni, mshipi ukanasa ukakatika. Akarudi nyumbani amenuna. Anafungua mlango, mkewe anamkimbilia: hongera! Yeye akakasirika: hongera ya nini? Simba wa Dhahabu, zawadi kuu ya Venice, amekuja kwake, na yeye hajui kama filamu imetoka Japani.

BAKARI: (anacheka) Asiye na samaki kapata simba. Huyo mama Mtaliano ndiye mwenye baiskeli sasa.

MWANAMVUA: Baada ya hapo Ulaya na Marekani wakaanza kuulizia sinema ya Japani. Na mwaka 1956 kulikuwa na nyingine, Pather Panchali ya Satyajit Ray wa Bengal. Cannes waliipangia muda uliogongana na karamu ya ujumbe wa Japani. Waandishi wachache tu ndio walioingia.

BAKARI: Wengine wamefuata sahani.

MWANAMVUA: Ila wale wachache waliipigia debe, ikatoka na zawadi yake. Marekani nako yupo Steven Soderbergh, 1989, umri miaka 26, filamu ya gharama ndogo. Alianzia kwenye tamasha la Utah, lile ambalo leo linaitwa Sundance, akamalizia na zawadi kuu ya Cannes mwaka huohuo. Siwezi kukaa sana huko, nataka tuje kwetu.

BAKARI: Njoo Afrika, mwanangu.

MWANAMVUA: Tuanzie Tunisia. Tamasha la Carthage, 1966, zawadi kuu ya kwanza ilikwenda kwa La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal, hadithi ya binti wa Dakar aliyekwenda Ufaransa kufanya kazi za ndani. Kisha likaja tamasha la Ouagadougou, Februari 1969, wakati nchi bado ikiitwa Volta ya Juu, yaani Burkina Faso ya leo. Kamati ya kuandaa iliongozwa na mwanamke, Alimata Salembéré.

BAKARI: Wakati huo mimi nasoma madrasa.

MWANAMVUA: Sasa sikiliza shida yao, wewe utaielewa kuliko mimi. Filamu za Kiafrika zilikuwapo. Zilionyeshwa Paris. Lakini Ouagadougou kwenyewe haziingii, kwa sababu kumbi na usambazaji wa nchi nyingi zilizokuwa za Wafaransa vilishikwa na kampuni mbili za Kifaransa. Wao wanaleta mikanda ya bei rahisi kutoka nje.

BAKARI: Yaani mwenye kopo ndiye mwenye mdomo.

MWANAMVUA: Ndiyo! Tamasha likaanzishwa watu waone sura zao wenyewe kwenye pazia. Mwaka uliofuata serikali ikataifisha kumbi. Mwaka 1972 ikaanza zawadi, Farasi wa Yennenga, kwa heshima ya binti mfalme wa hadithi za Wamossi aliyekuwa hodari wa kupanda farasi. Wa kwanza kuichukua ni Oumarou Ganda wa Niger.

BAKARI: Sisi tuna jahazi.

MWANAMVUA: Zanzibar, ndiyo, tamasha la nchi za jahazi, tangu 1998, Ngome Kongwe. Nimekaa pale usiku, mjomba. Viti chini ya nyota, ukuta wa mawe nyuma yako bado una joto la mchana, paka anapita mbele ya pazia, hakuna anayejali.

BAKARI: Lakini nikuulize kwa heshima zote. Vuta N'Kuvute, kitabu cha Adam Shafi, filamu ya Amil Shivji, imekwenda tamasha la Toronto, Kanada, 2021, sivyo? Na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Kabla yake ilipelekwa filamu ya Maangamizi tu, 2001. Hapa Ngamiani ni wangapi wameiona? Toronto wameona hadithi ya Zanzibar, na sisi tunaopikiana na Zanzibar tunasimuliwa. Tamasha linaibeba filamu kwenda mbali, sawa. La kuirudisha nyumbani nani analo?

MWANAMVUA: Hapo sikupingi. Ila bila Toronto hata jina usingelisikia.

BAKARI: Jina halishibishi macho. Enzi zangu picha ya Bombay ilifika Tanga kwa meli, na hata muuza machungwa wa Muheza aliijua nyimbo zake zote.

MWANAMVUA: Siku hizi filamu inatumwa kwa kiungo na nenosiri. Hakuna kopo.

BAKARI: Basi kazi imekuwa nyepesi na bado hamuileti! Tafuta shuka jeupe, tutundike hapa ukutani, uwaandikie wenyewe uwaombe ruhusa. Umeme tutauvuta kwa jirani.

MWANAMVUA: Unanipa kazi mbele ya wasikilizaji?

BAKARI: Wamesikia. Ijumaa baada ya isha.

MWANAMVUA: Haya, nitawaandikia leo. Na lile kopo lako bado lipo? Nilipige picha niiweke kwenye ukurasa wetu.

BAKARI: Lipo jikoni, shangazi yako anatilia vitumbua. Muombe yeye, na usiliguse kabla hajalimwaga.