Gåte: Kitendawili Kutoka Trøndelag

Kitendawili! Najua huko mmeitikia: tega. Basi huku Norway kitendawili wanakiita gåte, na hilo ndilo jina la bendi ninayotaka muisikie leo.

Hamjambo watu wangu? Nipo Trondheim, saa tisa alasiri, na giza limeshaanza kuingia.

Gåte walianza 1999, mkoa huuhuu wa Trøndelag. Sveinung Sundli, mpiga fidla, alimwingiza mdogo wake Gunnhild aimbe, wakati huo bado binti wa shule. Wakazipigia nyimbo za kale gitaa la umeme na dramu nzito. Albamu yao Jygri ilitoka 2002. Walinyamaza 2005, wakarudi 2017.

Lakini kwanza niwaambie kuhusu fidla ya Hardanger, fidla ya jadi ya huku Norway, maana ndiyo iliyonifungua masikio. Jirani yangu, mzee wa makamo, anayo. Juzi alipitisha upinde mara moja tu, akauondoa, na sauti haikukoma! Chini ya nyuzi nne za kupigwa zimepita nyingine nne au tano ambazo upinde hauzigusi. Za juu zikiimba, za chini zinaitikia zenyewe. Mwili ulinisisimka. Akanieleza kwamba karne ya 19 kuna waliokuwa wakiiita ala ya shetani, na fidla nyingi zikachomwa moto. Aliponipa niishike, niliipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Sasa mkisikia Gåte, kumbukeni hizo zilizoungua.

Mwaka 2024 waliiwakilisha Norway kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, kule Malmö, Sweden, kwa wimbo Ulveham. Ni kisa cha binti aliyerogwa na mama wa kambo, akageuka mbwa mwitu, na hafunguki mpaka anywe damu ya ndugu yake. Sehemu ya maneno ilitoka kwenye utenzi wa kale, na mashindano yanataka wimbo mpya, ikabidi wayaandike upya. Hata hivyo waliimba Kinorwe, wala hawakukimbilia Kiingereza. Fainali wakashika nafasi ya 25, ya mwisho. Iliniuma kweli, kwa sababu kwangu mimi hakuna aliyeimba kama Gunnhild usiku ule.

Mama, ukiusikiliza, ongeza sauti. Kuna mahali anapaza sauti nyembamba, kali, ya kupasua hewa. Ndivyo wanawake wa huku walivyokuwa wakiita ng'ombe kutoka milimani. Utaitambua. Wewe ulikuwa ukiita mbuzi hivyohivyo, jua likizama.