"Get" si kupata tu

SOMOE: Karibuni tena kutoka Mtwara mjini. Niko na Mwalimu Issa, na leo tunachambua kitenzi kimoja cha Kiingereza, "get". Mwalimu, shuleni tulikaririshwa kwamba ni kupata.

ISSA: Na ndiyo maana yake ya asili, dada Somoe. Neno lilitoka kwa Wanorsi, watu wa Skandinavia waliovamia Uingereza, kisha wakahamia kaskazini na mashariki yake kuanzia karne ya 9. Wao walisema "geta".

SOMOE: Waingereza hawakuwa na la kwao?

ISSA: Walikuwa na "gietan", ndugu wa damu wa hilo, ila lilikaa zaidi ndani ya maneno mengine, kama "forgietan", ambalo leo ni "forget". Sasa sikiliza ushahidi ulivyo mzuri: g ya Waingereza hapo ilitamkwa kama y. Lingekuwa limeshuka moja kwa moja kwao, leo tungesema "yet". Ile g ngumu ni alama ya Wanorsi. Hata "forget" iliwahi kuandikwa "foryete".

SOMOE: Kutoka kupata, limefikaje kwenye kulowa, "get wet"?

ISSA: Kwa kupitia kufika. "Get to Masasi", unafika mahali. "Get wet", unafikia hali. Hapo ndipo wanafunzi wanapopotea. Mtu anataka kusema "nililowa kwenye pantoni ya Msangamkuu", anaandika "I was wet". Hiyo ni "nilikuwa nimelowa". Tukio lenyewe, pale maji yalipokupiga, ni "I got wet". Basi kwa maneno ya hali kama hilo, jipime kwa Kiswahili chako: ukisikia "nilikuwa nime-", andika "was", ukisikia "nili-" peke yake, andika "got". Nilichoka, nilipotea, nilikasirika: "got tired", "got lost", "got angry".

SOMOE: Na nikisema nimeshonesha shati?

ISSA: Ee, hapo "get" inafanya kazi ya kiambishi chetu -esha! "I got a shirt made." Inatangulia "get", kinafuata kitu, kisha kitenzi katika umbo la tatu, kama "made" katika make, made, made. Ukipindua, "I got made a shirt", umeiharibu. Ukisema "I made a shirt", basi umekaa kwenye cherehani mwenyewe. Na ukimtaja fundi, usisahau "to": "I got the tailor to make a shirt". Ukitumia "made the tailor", "to" inaondoka, na maana inakuwa ulimlazimisha. "Got" ina kushawishi ndani yake.

SOMOE: "Gotten" je?

ISSA: Ni ya Marekani, na hawakuibuni wao, ni umbo la zamani ambalo Uingereza imeliacha. Shule zetu zinafuata Uingereza, andika "has got".

SOMOE: Tumalizie na vyombo vya usafiri, maana kila mtu anapanda.

ISSA: Pantoni, basi, bodaboda: kupanda ni "get on", kushuka ni "get off". Teksi na bajaji: "get in", "get out of". Chombo unachoweza kutembea ndani yake, au unachokikalia kwa juu, kinachukua "on". Ukilazimika kuinama uingie ukae, ni "in".