Mbona foleni za ubalozi haziishi? Leo nawajibu

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa zangu shikamooni. Swali ni lile lile, kila nikifungua komenti nalikuta: "Dada, wewe uko Marekani, mbona balozi zina foleni namna hii, wafanyakazi wameenda wapi?" Nikinyamaza, naringa. Nikijibu, nalalamika huku nakula dola. Basi najibu, mtakavyonichukulia ni sawa.

Watu ni pungufu kweli, na hili si la kijiweni. Marekani wana ofisi ya ukaguzi inaitwa GAO, inayoripoti kwa Bunge lao. Ripoti yake ya 2019 ilionyesha kwamba mwezi Machi 2018, asilimia 13 ya nafasi za maofisa wa kidiplomasia katika vituo vya nje zilikuwa wazi. Mwaka 2008 ilikuwa asilimia 14, na 2012 hivyo hivyo. Miaka kumi, pengo halijazibwa! Tena kuanzia Januari 2017 hadi Mei 2018 ajira zilikuwa zimesimamishwa.

Ikaja korona. Machi 2020 huduma za kawaida za viza zikasitishwa dunia nzima. Sasa shughuli za viza zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na ada za waombaji wenyewe, kwa hiyo waombaji walipokosekana, hela ya kuajiri nayo ikakosekana. Ile dola 185 unayolipia viza ya matembezi, ambayo hairudi hata ukinyimwa, ndiyo inayoendesha dirisha. Mtu ameuza ng'ombe kupata hela hiyo. Ana haki ya kuuliza dirishani kuna nani.

Idadi ya watu ubalozini haipangwi kiholela. Tangu 1982 wana agizo la rais, NSDD-38: taasisi yoyote ya serikali ikitaka kuongeza au kupunguza nafasi kituoni, balozi lazima aridhie. Halafu Agosti 7, 1998 tukapigwa mabomu kwenye balozi za Marekani, Dar es Salaam wakafa watu 11 na Nairobi zaidi ya 200. Baada ya pale Wamarekani wakaanza kuulizana kwa ukali: hawa wote tuliowarundika hapa, kazi yao inawalazimu kuwa hapa? GAO ikaweka vigezo 2002: usalama, kazi yenyewe, gharama. Damu ya watu wetu imo ndani ya utaratibu huo, ndiyo maana naufuatilia.

Mimi mwenyewe kuna ofisi moja ya kibalozi, sisemi ya nchi gani, ilinitesa. Kadi ya benki hawapokei, wanataka hundi ya posta. Bahasha ya kurudishia niigharamie mimi. Karatasi zikarudi, eti picha haina kipimo. Simu inaita mpaka inakata. Siku ilipopokelewa, nilikuwa nimejiandaa kugomba. Yule mama akaniambia, "Mwanangu, aliyekuwa anashughulikia hati amehamishwa, hajaletwa mwingine. Niko peke yangu." Nikakosa la kusema. Hasira yangu ikamwacha yeye, ikaenda kwa anayepanga watu.

Kwetu Tanzania nyenzo za kufuatilia hili zipo. Utumishi wanapitisha ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa kila ofisi. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, inafika bungeni, PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, inahoji. Sisi tunakimbilia kurasa za wizi, za watumishi tunaziruka. Mimi nataka kila ubalozi wetu ubandike wazi: ikama ni watu kadhaa, waliopo ni kadhaa, dirisha la raia lina wangapi.

Mnaoniuliza mfanyeje: mimi binafsi huwa naanza kushughulikia hati mapema sana, na silipi nauli kabla sijaishika mkononi. Wewe unaweza ukawa na dharura, hali zetu hazifanani, usije ukasema dada alinidanganya. Ila mbunge wako akija kwenye mkutano, muulize ikama ya balozi zetu. Akikujibu, niandikie hapa chini.