Gari la umeme na mita yako ya LUKU

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Najua swali lililowaleta wengi wenu hapa: linaenda kilomita ngapi? Tuliweke pembeni kidogo. Kuna jingine linalolitangulia: usiku gari linalala wapi, na hapo linapolala, soketi ni ya nani?

Aliyepanga vyumba viwili, LUKU moja wanachangia wapangaji sita, asinunue bado. Gari moja likiunganishwa hapo litakula umeme kuliko vyumba vyote kwa pamoja, na ugomvi utaanza wiki ya kwanza. Dawa yake ni sabumita, yaani mita ndogo, yako peke yako, mwenye nyumba akubali kwa maandishi, na gari liingie ndani ya geti. Kuvuta waya juu ya ukuta hadi barabarani si suluhisho, ni ajali inayosubiri mvua.

Mwenye maegesho na mita yake, sasa tuzungumze. Nitashika gari moja, Nissan Leaf lililotumika Japani, kwa sababu ndilo gari la umeme ambalo kaya ya kawaida inaweza kulifikiria bila kuuza kiwanja. Lilianza kuuzwa Desemba 2010 na betri ya kilowati-saa 24 (kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU), baadaye ikaja ya 30, na toleo jipya la 2017 likaja na 40. Kenya hawaruhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka minane, kwa hiyo wao wanaanzia kwenye magari mapya zaidi. Hapa Tanzania gari kuukuu linaingia ila linalipiwa ushuru wa uchakavu: asilimia 15 likiwa na miaka minane hadi kumi, 30 likizidi hapo. Usikadirie kwa kichwa, ingiza gari lenyewe kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hata senti.

Twende kwenye hesabu. Gari dogo la petroli kwenye foleni za Dar tulikadirie kilomita 12 kwa lita, na lita tuiweke shilingi 2,900. EWURA hutangaza bei mpya kila mwezi, kwa hiyo mkifika nyumbani wekeni ya siku hiyo. Kilomita 40 kwa siku, siku 25, ni kilomita 1,000 kwa mwezi. Petroli yake ni kama shilingi 242,000.

Leaf kwenye mizunguko hiyohiyo hutoa kilomita 6 hivi kwa kila uniti iliyomo kwenye betri. Lakini mita haisomi kilichoingia kwenye betri, inasoma kilichotoka ukutani, na zaidi ya asilimia kumi hupotea njiani kama joto. Hesabuni uniti 190 kwa mwezi. Mteja wa T1, kundi la bei la matumizi ya kawaida, anajua kwamba elfu moja inampa uniti 2.8, yaani shilingi 357 kwa uniti. Mara 190, ni 67,800.

Wauza magari wengi huishia hapo. Kuna kitu wanakiruka. Kaya nyingi zenye matumizi madogo ziko kundi la D1, zile zinazonunua uniti 75 kwa 9,150, sawa na shilingi 122 kwa uniti. Ukileta gari unavuka 75 ndani ya siku chache, na kinachozidi kwenye D1 kinatozwa kwa bei kali kuliko hata T1. Ukiendelea kuvuka utahamishiwa T1, na hapo friji, pasi na taa zako nazo zinaanza kulipa 357. Chukueni nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 70 kwa shilingi 8,540. Sasa inatumia 260, shilingi 92,800. Kwa hiyo gari limekugharimu 84,000, siyo 67,800. Bado ni nafuu mno kuliko petroli, unabakiwa na kama 158,000 kwa mwezi, ila hiyo ndiyo namba ya kweli. Kama Leaf limekugharimu milioni sita zaidi ya gari la petroli ambalo ungelinunua, itakuchukua miezi 38 kurudisha tofauti. Anayeendesha kilomita 300 tu kwa mwezi, kwenda kanisani na sokoni, hatairudisha karibuni. Abaki na gari lake.

Sasa kilomita. Betri ya 24 ikiwa mpya hutoa takriban uniti 21 za kutumika. Ikichoka hadi asilimia 65 zinabaki kama 13.7, yaani kilomita 82, na ukiacha akiba ya asilimia 20 zinabaki 65. Tegeta kwenda Posta na kurudi, kama kilomita 50, linatosha. Kibaha kwenda Posta na kurudi halitoshi, labda uchaji kazini. Foleni yenyewe haiumizi sana gari la umeme, maana likisimama mota haili kitu. Kinachokula ni kiyoyozi: saa mbili za foleni na AC ni kama uniti mbili, kilomita 12 zimekwenda.

Afya ya betri inaonekana kwenye dashibodi, vijiti 12 vidogo pembeni ya kipimo cha chaji. Kijiti cha kwanza huanguka afya ikishuka chini ya asilimia 85, vinavyofuata kila baada ya sita hivi. Vijiti vinane ni kati ya 60 na 66. Lakini msiviamini peke yake. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, vijiti vyote 12 vikarudi, na baada ya wiki kadhaa za kuendesha vikaanza kudondoka kimoja kimoja. Ukiona Leaf la 2012 lina vijiti 12, jiulize mara mbili.

Nunua kidude cha OBD, yaani kisomaji cha kompyuta ya gari, cha bluetooth na uweke programu ya LeafSpy kwenye simu. Kichomeke chini ya usukani, gari likiwa limewashwa. Soma SOH, ndiyo afya kwa asilimia, kisha tazama mchoro wa jozi 96 za seli. Betri ikiwa imejaa, tofauti ya jozi ya juu na ya chini isizidi milivolti 30 hivi. Halafu endesha, ukanyage mafuta (bado tunaita mafuta) chaji ikiwa imeshuka. Jozi moja ikizama mbali na wenzake, hapo pana moduli mbovu, yaani kifurushi cha seli kilichochoka, na ndiyo itakayokuwashia taa ya kobe barabarani, gari linatambaa huku betri ikikuonyesha bado ina chaji. Kabla hujalipa, ingia pia chini ya gari. Betri iko tumboni, na matuta yetu hayana huruma. Mfuniko uliobonyea au kukwaruzwa sana, achana nalo.

Nyumbani sasa, na hapa ndipo panapoungua. Waya wa kuchajia unaokuja na gari la Kijapani ni wa volti 200 na unavuta hadi ampea 15. Fundi anakata plagi ya Kijapani, anafunga ya pini tatu ya ampea 13, gari linachaji, kila mtu anafurahi. Usiku wa tatu plagi imelainika na soketi imekuwa kahawia. Pasi nayo inavuta umeme mwingi, lakini thermostati huikata kila dakika chache. Gari linavuta mfululizo kwa saa nyingi, na penye skrubu iliyolegea ndipo joto linapokusanyika. Ekstensheni iliyoviringishwa ni hatari zaidi, maana joto halina pa kutokea.

Fanyeni hivi. Waya wa milimita 4 ukitoka moja kwa moja kwenye boksi la sakiti breka, usipitie soketi nyingine yoyote, breka ya ampea 20 yake peke yake, RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30, na mwisho soketi ya bluu ya viwandani. Anayetaka kubaki na soketi ya kawaida atumie chaja inayoweza kupunguzwa hadi ampea 10. Hizo ni kilowati 2.3, na matumizi ya siku ya kilomita 40 yanarudi kwa saa tatu na nusu. Baada ya nusu saa ya kwanza, shika plagi kwa mkono. Vuguvugu sawa. Ikikufanya uondoe mkono, zima.

Kuhusu joto nitasema kidogo. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza, na pwani yetu mnaijua. Egesha kivulini, usiiache imejaa asilimia 100 kutwa nzima juani, usiiache tupu. Panga ianze kuchaji saa sita usiku, ili ijae karibu na alfajiri unapoondoka. Hapo pia volti za mtaani huwa zimepanda, maana saa mbili usiku kila nyumba imewasha kitu.

Kuna swali limeletwa kwenye karatasi: gari haliwaki kabisa, betri imekufa? Mara nyingi ni ile ndogo ya volti 12, ya kawaida, ambayo ndiyo huamsha kompyuta. Ipimeni kwanza. Ikisoma chini ya volti 12, ichajini au muibadilishe kabla ya kumwita mtu wa betri kubwa.

Na la pili: taa nyekundu kwenye kisanduku cha chaja, kwa jirani inachaji vizuri. Hiyo mara nyingi ni ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Kisanduku kinapima waya wa ethi kabla ya kuruhusu umeme, na nyumba nyingi zina ethi ya jina tu, au fimbo fupi kwenye mchanga uliokauka kiangazi. Msikubali fundi aunganishe ethi na nyutro ili kukidanganya kisanduku. Nyutro ikikatika nje, bodi ya gari inakuwa na umeme, na anayeligusa kwanza asubuhi ni mtoto anayekwenda shule. Chimbeni fimbo ndefu zaidi, au mbili zilizounganishwa, mahali penye unyevu, kisha fundi aipime kwa mita ya ethi na awaandikie namba aliyoipata.