Tafuta Mstari wa Hasara Kwanza

Ndugu zangu, habari za mchana. Swali ni lilelile: "Ninunue kitabu gani cha opsheni?" Na jibu langu halijabadilika. Kabla hujatoa hela, shika kalamu, tafuta ndani yake mfano mmoja wenye tarakimu, uupigie hesabu hadi mwisho.

Opsheni ni haki unayoilipia, ya kununua au kuuza kitu kwa bei mliyopatana; maana hiyo haimsumbui mtu wa Dodoma. Ukimpa mkulima wa Kibaigwa arbuni akuwekee alizeti kwa bei mliyopatana, kisha ukaghairi, arbuni imekwenda. Kinachosumbua ni hesabu, na humo ndimo vitabu vibovu hujificha.

Tupige. Hisa ya Marekani iko dola 50. Unalipa dola 2 upate haki ya kuinunua kwa 50 ndani ya siku 30. Kitabu kizuri kitakwambia papo hapo kwamba kwa kawaida mkataba mmoja ni hisa 100, kwa hiyo umetoa dola 200. Siku ya mwisho hisa inafunga 51. Umebashiri sawasawa, bei imepanda! Lakini opsheni yako sasa ni dola 1 kwa hisa, yaani 100, na ulitoa 200. Umepatia, na nusu ya pesa imekwenda, dalali bado hajachukua chake. Ulihitaji hisa ivuke 52. Kitabu kinachosema "bei ikipanda unapata faida" kikaishia hapo, kirudishe kwa muuzaji.

Geuza upande sasa, maana huku ndiko watu wanakoumia. Vitabu vya "kipato cha kila mwezi" hufundisha kuuza opsheni. Unamuuzia mtu haki ya kukuuzia hisa 100 kwa dola 50 kila moja, unapokea 200. Hisa ikianguka hadi 30, unalazimika kununua kwa 5,000 mali ya 3,000. Toa zile 200: hasara 1,800. Utafute mstari huo wa hasara. Sura ya kuuza isiyokuwa nao imekuficha nusu ya biashara.

Mtaniambia, "Hilo hutokea mara chache." Naam, na hapo ndipo penye hatari. Miezi tisa ya kupokea 200 ni 1,800, na mwezi wa kumi unazifuta zote.

Mwingine atasema kitabu cha zamani hakifai. Kwa nini? Ukikuta bei kama 3 1/8, ujue mifano hiyo ni ya kabla ya 2001, masoko ya Marekani yalipohamia desimali. Hesabu ni ileile.

Na kile cha kubashiri kupanda au kushuka ndani ya sekunde 60? Hizo ni opsheni za bainari, kitu kingine kabisa. Julai 2018 Umoja wa Ulaya ulizuia wananchi wa kawaida wasiuziwe. Msikiguse.

Muda unakimbia. Hakikisheni kuna sura ya kuyumba kwa bei, inayoeleza kwa nini opsheni iliyonunuliwa kabla ya kampuni kutangaza mapato inaweza kushuka thamani baada ya tangazo hata hisa ikipanda. Cha John Hull kinataka hisabati ya chuo. Asiye nayo aanze na cha Sheldon Natenberg. Kabla ya vyote, Options Clearing Corporation, shirika la Marekani linalodhamini mikataba ya opsheni, hutoa bure mtandaoni waraka wa hatari za opsheni. Someni huo leo, hela ya kitabu ikae mfukoni kwanza.