Daimondi Zimeingia, Lakini Zimetoka Wapi?

Mhadhara uliotolewa kwa vijana na wazazi, Kondele, Kisumu

Oyawore, wazazi wangu. Vijana, habari za asubuhi. Naona wengine mmekuja na gemu bado linaendelea. Punguzeni sauti tu, sitamnyang'anya mtu simu.

Kabla sijaendelea, mjue nimesimama upande gani. Nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kondele. Ukiacha kuchapa barua za maombi ya kazi na kuwajazia watu ritani za kodi za KRA, nauza daimondi za Free Fire, UC za PUBG Mobile na kadi za Roblox, yaani pesa za kutumia ndani ya magemu hayo. Mimi ni muuzaji, kwa hiyo nikisema jambo la kuwasifu wauzaji mna haki ya kulipima mara mbili. Lakini pia najua faida ya kazi hii inatoka wapi, na bei isiyoeleweka naitambua haraka.

Watu wakisikia utapeli wa daimondi hufikiria kisa kimoja: umetuma pesa, muuzaji ameila kama fare, ukimpigia simu yake imekuwa mteja, haipatikani. Upo, na nitaugusa. Unaouma zaidi ni wa aina nyingine. Umetuma pesa, daimondi zimeingia, umenunua skini mpya, yaani pambo, ya bunduki ya gemu, umewaringia wenzako, na kwenye kikundi cha WhatsApp umeandika "huyu jamaa ni wa kuaminika". Wiki kadhaa zinapita. Siku moja unafungua gemu unakuta salio lina alama ya kutoa, au akaunti imefungwa kabisa. Unampigia muuzaji, anashika simu vizuri, ana adabu, anakuambia, "Ndugu, mzigo wako si ulifika?" Na kweli ulifika.

Ili tuelewe kilichotokea, tujiulize daimondi huwa ziko wapi. Haziko kwenye simu yako. Za Free Fire zimeandikwa kwenye kompyuta za Garena, kampuni ya Singapore, na simu inakuonyesha tu kilichoandikwa kule. Ndiyo maana zile programu zinazodai "kuzalisha daimondi bure" haziwezi kukupa hata moja, maana haziwezi kuandika kwenye daftari lisilo lao. Zinachoweza ni kuchukua nenosiri lako, au kukujazia simu takataka. Na aliyeandika ndiye mwenye kufuta. Soma masharti ya karibu gemu lolote, yale marefu tunayoyapita kwa kubonyeza "nakubali": umepewa ruhusa ya kutumia, hukuuziwa mali. Kampuni ikiona daimondi zimeingia kwa njia ya wizi, haihitaji kukubembeleza.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo ndipo wengi hunaswa. Mzazi mmoja aliniuliza wiki iliyopita: kama daimondi ni za Garena, inakuwaje mtu wa nje aziuze kwa bei ya chini kuliko gemu lenyewe? Si lazima awe mwizi?

Hapana, si lazima. Ukinunua ndani ya gemu kupitia Play Store ya Google au duka la Apple, duka hukata fungu lake, na kwa makampuni makubwa ya gemu fungu hilo kwa miaka mingi limekuwa asilimia 30. Tuseme kifurushi ni shilingi 100. Mwenye gemu anabaki na 70. Akimuuzia muuzaji wa nje kwa 80, kashapata zaidi ya alivyozoea. Muuzaji akikuuzia wewe kwa 90, naye amepata chai, nawe umeokoa kumi. Hakuna aliyeibiwa. Tarehe 13 Agosti 2020 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, walifanya hivi hadharani: V-Bucks 1,000, pesa za gemu hilo, zilizokuwa dola 9.99 kwa njia ya Apple, wakaziuza dola 7.99 kwa mtu anayewalipa moja kwa moja. Siku hiyohiyo Apple wakaliondoa gemu dukani mwao, na kesi ikaanza. Yenye kutufaa sisi ni hiyo tofauti ya asilimia 20, kwa sababu inatuonyesha punguzo halali linaweza kufika wapi.

Sasa mtu akikuambia anauza nusu bei? Rudi kwenye hesabu. Nusu bei ni 50, na mwenye gemu mwenyewe alikuwa anapata 70. Muuzaji wa kweli hawezi kununua kwa 70 auze kwa 50 halafu alipe kodi ya kibanda Kondele. Tofauti hiyo inalipwa na mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo hajui.

Mara nyingi ni mwenye kadi ya benki iliyoibwa. Namba za kadi huibwa kwa wingi na kuuzwa mitandaoni. Mwizi hataki kuzitumia kununua friji, maana friji inahitaji anwani ya kupelekewa. Daimondi hazihitaji anwani. Ananunua kwa kadi ya mama fulani wa Kanada, anazituma kwa namba yako ya mchezaji, wewe unamlipa kwa M-Pesa. Pesa chafu imekuwa pesa safi, na wewe ndiye uliyeifua. Baadaye yule mama anaona taarifa ya benki, analalamika. Kwa kadi za Visa na Mastercard, kwa kawaida mwenye kadi ana hadi siku 120 kupinga malipo. Benki inarudisha pesa yake kutoka kwa kampuni ya gemu, na kampuni ya gemu inakuja kutafuta daimondi zake. Wazee waliopo hapa wanalijua jambo hili kwa ng'ombe: ukinunua ng'ombe wa wizi sokoni, hata ukilipa pesa taslimu mbele ya mashahidi, mwenyewe akimkuta bomani kwako anaondoka naye, na pesa yako utaitafuta kwa aliyekuuzia. Ukishatumia daimondi zote kwa skini, kampuni hainyamazi, inaandika deni.

Njia nyingine ni marejesho. Mtu ananunua kihalali kwenye Play Store, anapitisha bidhaa kwako, kisha anaiomba Google imrudishie pesa kwa kisingizio kwamba alinunua kwa makosa. Mwisho wake ni uleule. Supercell wa Helsinki, waliotengeneza Clash of Clans, wamelisema waziwazi: vito, ambavyo ndizo pesa za gemu hilo, vilivyonunuliwa kwa wauzaji wasioruhusiwa huondolewa, na akaunti yaweza kufungwa moja kwa moja.

Kuna pia ujanja wa nchi. Bei hutofautiana kati ya nchi na nchi, na mtu akijifanya yuko kwenye bei nafuu anauza huku kwa faida. Huu hauna mwizi wa kadi, lakini unavunja masharti, na kadi nyingi za zawadi hufungiwa nchi. Namba ya kadi ya Uturuki ukiijaribu kwenye akaunti ya Kenya inaweza kukataa tu, halafu muuzaji anakuambia kosa ni lako.

Kwa hiyo swali la kwanza usimuulize muuzaji bei. Muulize, "Daimondi hizi unanunua wapi?" Tena umwangalie anavyojibu. Mwenye njia halali ana jibu fupi. Garena wana ukurasa wao wa kujazia. Tencent wana Midasbuy, unakopata UC za PUBG Mobile. Wapo wasambazaji wakubwa wanaofanya kazi kwa mikataba na wenye gemu, kama Codashop. Usifike huko kwa kubonyeza tangazo lililokujia Facebook. Anzia kwenye ukurasa wa gemu lenyewe, ufuate kiungo chake, kisha usome anwani herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hupenda kubadilisha herufi moja tu. Sisi wauzaji wadogo tuko chini ya hao: tunanunua kwao, tunakujazia wewe usiye na kadi au usiyetaka usumbufu. Mimi hujaza skrini ikiwa imemgeukia mteja, na namba ya oda anaondoka nayo. Muuzaji anayekataa kukupa namba ya oda, mwache na bei yake.

Jambo la pili nataka tulikalie kidogo. Kujaza daimondi kwa njia ya kawaida kunahitaji namba ya mchezaji peke yake. Free Fire inaiita UID, iko kwenye wasifu wako. Mobile Legends ina namba mbili, ya mchezaji na ya eneo. Ukiiandika kwenye ukurasa halali, mara nyingi jina lako la gemu linatokea hapohapo, unathibitisha ni wewe kabla ya kulipa. Namba hiyo si siri. Wachezaji wenzako wanaiona. Muuzaji akisema, "Nipe na nenosiri niingie nikujazie," simama hapo.

Vijana, najua mnavyojibu. Akaunti ni ya gemu tu, aichukue, kuna nini ndani? Niambieni, gemu mnaingia kwa njia gani? Wengi kwa Facebook au Gmail. Basi nenosiri ulilompa ni la Gmail, na Gmail hiyo ndiyo uliyojiandikishia eCitizen ya huduma za serikali, ndiyo uliyoombea mkopo wa masomo wa HELB, ndiyo yenye picha zako zote. Akishaingia anabadilisha nenosiri na namba ya simu ya kurejeshea, na umefungiwa nje ya nyumba yako yote kwa ajili ya daimondi za shilingi mia mbili. Na zile tarakimu sita zinazoingia kwa ujumbe, usimtajie mtu. Hata akisema ni "huduma kwa wateja". Hata akikuita kwa majina yako yote matatu.

Kuhusu malipo sitakawia, M-Pesa tumeizoea tangu 2007. Lipa kwa namba ya tili au Paybill yenye jina la biashara, na jina hilo lisome kabla hujaweka namba ya siri, hasa ombi la malipo linapojitokeza lenyewe kwenye simu. Ukiambiwa duka linaitwa hivi halafu linatokea jina la mtu binafsi, uliza kwanza. Ukituma pesa kwa namba isiyo yake, peleka ujumbe ule wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudishwa. Ujumbe na namba za kitapeli peleka 333. Na tuwe wakweli, sisi wauzaji nasi tunaliwa: mtu anajaziwa daimondi, anatoka nje ya saiba, anaomba malipo yarudishwe akidai alikosea tili. Ndiyo maana utaona muuzaji mwingine ni mkali bila sababu. Mvumilie.

Ndiyo, mama, uliinua mkono.

Mama anasema mwanawe wa darasa la saba anaijua namba yake ya siri ya M-Pesa, na mwezi uliopita alikuta anadaiwa na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Pole, mama. Sitamlaumu mtoto sana. Fuliza inalipia hata salio likiisha, kwa hiyo mtoto haoni pesa ikiisha, anaona tu gemu linakubali. Badilisha namba ya siri leo, na kama huitumii Fuliza, jitoe. Kwenye Play Store kuna mpangilio wa kudai uthibitisho kwa kila ununuzi, uwashe. Akinunua bila ruhusa kupitia Play Store, iombe Google irudishe, na usichelewe: zikipita saa 48 kwa kawaida wanakuelekeza kwa mwenye gemu. Ila mjulishe mtoto mapema kwamba pesa ikirudi, daimondi nazo zinaondoka. Asije akafikiri umemwibia.

Kijana wa jezi ya Gor Mahia.

Anasema kikundi chao cha Telegram kina muuzaji mwenye mamia ya picha za wateja walioridhika. Tazama, kijana wangu, picha hizo zilipigwa lini? Saa ile daimondi zimeingia. Mteja aliyenyang'anywa mwezi mmoja baadaye picha yake iko wapi? Akiandika chochote, msimamizi anamfuta, na msimamizi ndiye muuzaji. Ukitaka ushahidi, mtafute mtu aliyenunua miezi mitano iliyopita, umuulize akaunti yake ikoje leo.

Na huyu wa mwisho, aliye karibu na dirisha. Akaunti yako tayari ina deni. Kwanza usinunue daimondi nyingine za bei ya kutupa ili kulilipa. Wako wengi wanaofanya hivyo, na madeni yanakuwa mawili. Pia usimlipe mtu anayedai ana rafiki ndani ya Garena wa kufungua akaunti. Ingia kwenye kitufe cha msaada kilicho ndani ya gemu, eleza ulinunua kwa nani na lini, weka ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala. Kama ulinunua kwa muuzaji halali, ana oda ya kuonyesha, na kosa linaweza kurekebishwa. Kama hukununua kwake, unaweza kulipa deni kwa njia halali ama kuanza akaunti mpya, na ni wewe wa kupima ipi ina nafuu. Kama pesa ni nyingi, nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inagusa ulaghai huu, lakini bila namba ya muamala na mazungumzo uliyohifadhi afisa hana pa kuanzia. Kwa hiyo usiyafute mazungumzo yale kwa hasira.

Muda wetu umeisha, na ukumbi una wenyewe saa tano. Wenye ujumbe wa M-Pesa au oda wanaotaka tuzisome pamoja, nitakuwa pale mezani karibu na mlango. Wengine, chai iko nje.